Kwa Nini Kiingereza Hakitamkwi Kama Kilivyoandikwa

Mtoto aliyezoea kusoma Kiswahili hutamka kila herufi aionayo. Akikuta neno "knife" huitamka na k, na msikiaji hafahamu kwamba ataka kisu. Kosa hilo si upumbavu, kwani hapo kale Waingereza wenyewe waliitamka k hiyo. Mwaka 1476 William Caxton alianza kupiga chapa vitabu huko Westminster, na maandishi yakaanza kukaa imara. Lakini vinywa vya watu havikutulia. Sauti ziligeuka, herufi zikabaki kama nyayo za mtu aliyekwisha kupita. Hata wenye lugha wakahitaji msaada: mwaka 1791 John Walker alitoa kamusi ya kuwaonyesha matamshi.

Basi sisi walimu twakosa tukifundisha kwa ubao tu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina zaidi, na kwa kukosa irabu moja "ship", yaani merikebu, hugeuka "sheep", yaani kondoo. Tusimcheke mwanafunzi, wala tusimwache. Na asikie kwanza, aseme polepole, ndipo asome. Ajuaye kuandika neno asiweze kulisema likafahamika, amelipata nusu.