Keki ya jamu na mwaka ambao sukari haikuwepo

Najua nimepotea, ni hizi tesiti. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini. Leo ni keki.

Chanzo ni rumu meti wangu. Nimerudi kutoka nyumbani Muleba na keki ya mama, ya tabaka mbili, katikati jamu ya nanasi. Jamaa kaifunua, kacheka: "Hii ya kizamani bwana, siku hizi watu wanaweka krimu." Halafu akala vipande vitatu! Nilinyamaza lakini iliniuma, manake hiyo keki ya kizamani ndiyo iliyonilipia ada toka fomu wani. Na siku hizi oda za mama zinapungua kwa neno hilohilo. Wenye harusi wanataka krimu kutoka Bukoba mjini.

Basi nikaamua kuitafutia ukoo wake, si unajua sisi watu wa nshomile.

Kitabu cha mapishi cha Isabella Beeton, kilichotoka London mwaka 1861, kinayo. Mayai manne, halafu sukari, siagi na unga, kila kimoja uzito sawa na wa mayai. Chumvi chembe. Katikati jamu ya aina yoyote. Beking pauda hata haimo, ingawa Alfred Bird alishaitengeneza kule Birmingham tangu 1843. Keki hiyo ilipewa jina la malkia Victoria, huyohuyo ambaye Speke alimpa ziwa letu mwaka 1858. Jina likaja tena kwenye meli, MV Victoria, iliyoanza safari za Mwanza na Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo kuna unga ulivuka ziwa Victoria ndani ya Victoria ukaenda kuwa keki ya Victoria, na mpishi hata hajui!

Kwa nini walichagua jamu? Kwa sababu tunda lina msimu wake, harusi haina. Ukilichemsha na sukari nyingi, mpaka sukari iwe kama asilimia 60 na kitu ya jamu yote, sukari inayashika maji na ukungu unakosa pa kuishi. Uingereza ilipofuta kodi ya sukari mwaka 1874, jamu ikashuka hadi kwa wafanyakazi wa viwandani, wakawa wanapaka kwenye mkate. Friji haikuwepo na haikuhitajika. Krimu sasa, ipakie kwenye haisi saa saba mchana, Bukoba hadi Muleba, mlango unafungwa kwa kamba. Nimeshuhudia moja ikifika imelala upande kama mlevi, bibi harusi analia.

Lakini ya nyumbani kwetu ilifikaje? Nilikuwa nadhani ni ya Waingereza, si ndio waliotutawala baada ya Wajerumani. Nikamuuliza bibi. Akasema hapana, yeye alijifunza Ndolage, miaka ya mwisho ya 1950, akiwa binti anayesaidia kazi kwenye nyumba ya manesi wa Kiswidi. Na hapo historia inakubaliana naye. Vita vya pili vilipoanza, wamisionari Wajerumani wa Kilutheri walikamatwa, na Waswidi wakaja kushika nafasi zao. Mmoja wao ndiye Bengt Sundkler, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Kilutheri hapa mwaka 1961, kabla ya Josiah Kibira kumrithi 1964. Na Waswidi nao keki zao za sherehe ni za tabaka na jamu. Kwa hiyo serikali ya Kiingereza, keki ya Kiswidi, nanasi la Muleba. Bibi anasema manesi walileta jamu ya kopo, ikiisha wanakaa kusubiri nyingine, na mananasi yanaozea nje ya dirisha! Yeye ndiye aliyemenya la kwanza.

Sehemu niliyokuwa siijui kabisa ni mwaka 1983. Jeshi la Amin lilipoingia Oktoba 1978 liliharibu sana ng'ambo ya mto Kagera, kiwanda cha sukari kikiwemo. Vita vikaisha, uchumi ukabaki kitandani. Mwaka 1983 ndio ule wa Sokoine na wahujumu uchumi, sukari inapatikana kwa foleni na kwa kujuana, na ukikutwa nayo nyingi unaulizwa umeitoa wapi. Na mwaka huohuo shangazi yetu mkubwa anaolewa.

Bibi alikuwa na sukari vikombe viwili. Unga ulipatikana, "usiniulize ulipitia wapi," akasema. Vikombe vile viwili akavitia kwenye unga. Kwa ajili ya jamu akachukua juisi ya ndizi, ile kabla haijawa rubisi, akaichemsha asubuhi nzima kwenye sufuria na mananasi yaliyopondwa hadi ikawa nzito, rangi ya kahawia. Akakamulia ndimu. Keki ikaokwa kwa mkaa juu na chini. Jamu ile isingekaa wiki, alijua, kwa hiyo akaipika usiku wa kuamkia harusi na kuipaka nene. Utamu wote ulikuwa katikati.

"Watu walisema nimeficha sukari," akaniambia. "Waitu, mwenyekiti wa kijiji alikuja kuangalia chini ya kitanda!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nafikiria yule mwenyekiti angekuta nini kama angekuta.

Nilimpigia mama jana nikamsimulia. Kumbe naye hakuijua, alikuwa mdogo. Akakaa kimya, halafu akauliza, ndizi gani bibi alitumia? Dada anaolewa mwezi wa nane, na upande wa mume wameshatamka neno krimu. Mama anataka kujaribu ya 1983, tabaka moja tu, aone watasemaje. Amesema nikusanye chupa tupu zenye mfuniko. Mwenye nazo anijue, nipo bloku ileile, na rumu meti wangu ameshaanza kuuliza harusi ni tarehe ngapi.