Mwaka Mikarafuu ya Unguja Ilipolala Chini

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipita juu ya Unguja na kuangusha uchumi uliojengwa kwa takribani nusu karne. Karibu theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'oka au kuvunjika. Vyombo vilivyotia nanga bandarini vilitupwa pwani, na merikebu za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili madarakani, ziliangamia. Hakuna aliyeambiwa kwamba kinakuja. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879. Hata kama kuna nahodha aliyekiona kimbunga kile kikijikusanya baharini, habari zake zisingewahi kufika kabla ya upepo wenyewe.

Si kwamba watu wa pwani hawakujua pepo zao. Biashara yote ya majahazi ilisimama juu ya ujuzi huo: kaskazi kuwaleta wageni kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi kuwarudisha, na katikati yake tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu. Lakini ile ilikuwa elimu ya misimu. Ilimwambia nahodha mwezi wa kusafiri, haikuweza kumwambia kwamba Jumatatu bahari itapanda. Na tufani inayokuja mara moja katika vizazi kadhaa haimwachii mzee uzoefu wa kumrithisha mjukuu.

Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo historia ilipogeuka. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchumwa, kwa hiyo hasara ya Unguja haikuweza kufidiwa upesi. Bei ilipopanda, wenye mashamba walipanda mikarafuu Pemba, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi. Tusisahau mikono iliyofanya kazi ile: ilikuwa ya watumwa. Mwaka uliofuata kimbunga, Waingereza walipomshinikiza Barghash afunge biashara ya watumwa ya baharini, alijitetea kwa hasara ya tufani. Hakusikilizwa, na Juni 1873 alitia saini mkataba.

Kwa nini jambo hili ni adimu kwetu? Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, kiasi cha nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, lakini pia huhitaji msukumo unaotokana na kuzunguka kwa dunia ili hewa ianze kujipinda. Karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Mji wa Zanzibar uko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Ndiyo maana Msumbiji hupigwa mara kwa mara, sisi tukisalimika. Kusalimika huko ndiko kulikotusahaulisha. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na bado wapo watu wazima wanaoamini kwamba Tanzania haina vimbunga.

Miaka ya karibuni imeondoa nafasi ya kuamini hivyo. Machi 2019 kimbunga Idai kiliharibu Beira na kuua zaidi ya watu 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye Kenneth kikaingia Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam, kikafifia kabla ya kufika. Kisha, tarehe 4 Mei 2024, Hidaya kikafika Mafia, wakati msimu wa vimbunga ukihesabiwa kuwa umeshapita.

Safari hiyo watu waliambiwa. Setilaiti zilikiona, kituo cha hali ya hewa cha Réunion kilikifuatilia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatoa taarifa siku kadhaa mfululizo. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Upepo ulipungua nguvu ulipokaribia nchi kavu, na mitaani yakaanza maneno yaleyale yaliyosemwa baada ya Jobo: mbona hakuna kitu, wametutisha bure.

Maneno hayo yananiuma, kwa sababu hayana haki. Anayetabiri hupima uwezekano, na kimbunga kinachokaribia ikweta kinaweza kuvunjika kwa saa chache. Mvuvi aliyelala nyumbani usiku ule hakudanganywa. Tena si kweli kwamba hakukuwa na kitu. Mvua za Hidaya zilishuka juu ya ardhi iliyokwisha kulowa kwa mafuriko ya masika yaliyoua zaidi ya watu 150 nchini, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika Somanga, wilayani Kilwa. Tulitazama upepo, madhara yakaja kwa maji. Tutegemee hivyo zaidi, maana kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huipa hewa uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7.

Taarifa za Mamlaka siku hizi zina ngazi, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na hutaja athari zinazoweza kutokea. Hiyo ni hatua ya kushukuru. Ila kusema mawimbi yatafika mita mbili hakumtoshi mwenye ngalawa wa Kilwa Kivinje. Anataka kujua kama maji yatafika pale alipoivuta, na nani atamwambia ikiwa simu yake haina chaji. Kazi hiyo ni ya halmashauri, ya viongozi wa vijiji na ya vikundi vya wavuvi vya ufukweni, nayo hufanywa kabla ya Novemba, msimu mwingine unapoanza.