Lugha ya Maua na Asili Yake

Kila ifikapo tarehe 14 Februari, vijana wetu wa mijini hununua waridi jekundu, moja moja, limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Ukiwauliza kwa nini jekundu, hukujibu kwamba jekundu ni mapenzi, la manjano ni wivu, na jeupe ni usafi wa moyo. Nani aliyesema hivyo? Wengi hujibu kuwa ni mila ya Wazungu. Na Wazungu nao, ukivisoma vitabu vyao vya zamani, husema wameipata kwa Waislamu. Basi yafaa, ndugu msomaji, tuitazame habari hii tangu asili yake.

Mwaka 1717 aliwasili Istanbul bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi. Alikuwa bibi mwenye akili, na ndiye aliyewapelekea watu wa kwao habari ya Waturuki kuwachanja watoto ndui, jambo lililokuwa na faida kubwa. Mwaka 1718 alimwandikia rafiki yake barua, akaieleza pamoja na mfuko wa vitu vidogo vidogo: lulu, waridi, karafuu, pea, sabuni, kipande cha makaa, pilipili manga na vinginevyo. (Karafuu hiyo haikuwa ya Unguja, kwani wakati ule mikarafuu ilikuwa haijafika kwetu.) Akasema kila kitu kina maneno yake, na kwa hivyo mtu aweza kupeleka ujumbe wa mapenzi au wa ugomvi pasipo kuandika hata herufi moja. Barua zake zilichapwa mwaka 1763, baada ya kufa kwake, zikasomwa sana.

Lakini tazama: sabuni na makaa si maua. Siri ya mchezo ule ilikuwa vina. Pea kwa Kituruki ni armut, na tumaini ni umut. Basi aliyepokea pea alikumbuka ubeti wenye kina hicho, akafahamu kuwa anaombwa tumaini. Watu wa pwani, waliozoea mafumbo na mashairi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Asiyejua Kituruki akipewa pea, atalila tu! Tena mwanachuoni wa Austria, Joseph von Hammer, aliyekaa Istanbul na kuzijua lugha za mashariki, aliandika mwaka 1809 kwamba jambo hilo lilikuwa mchezo wa wanawake wao kwa wao majumbani, wala halikuwa njia ya wapenzi kupelekeana siri.

Maneno yake hayakusikilizwa. Mwaka 1819 kilitoka Paris kitabu cha lugha ya maua, mwandishi akijiita Charlotte de Latour, jina la kubuni. Kikafuatwa na vingine vingi Ufaransa, Uingereza na Marekani, na ua moja likapewa maana hii hapa na maana nyingine kule, kwa kadiri alivyopenda mwandishi. Hiyo ndiyo elimu wanayoifuata vijana wetu.

Si kwamba Uislamu hauna habari na maua. Rihani imetajwa katika Surat Ar-Rahman na katika Surat Al-Waqia. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ametukataza kuikataa rihani tunapopewa, kwa kuwa ni nyepesi kuchukua na harufu yake ni nzuri. Al-Kindi, aliyekufa karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya kutengeneza manukato. Na katika Jabal Akhdar, Oman, mpaka leo mawaridi huchumwa kila mwaka yakakenekwa kuwa marashi, yaleyale tunayonyunyiziwa kwa mrashi katika maulidi na harusi.

Hapa kwetu asumini huchumwa jioni ingali matumba, ikafunguka usiku, na harufu yake huzidi wakati nyumba imetulia. Ndiyo sababu bibi zetu waliitunga makoja, wakaitandaza kitandani, wakaifunga vikuba pamoja na mrehani, mkadi na kilua, wakavivaa kwa ajili ya waume zao. Hakuna aliyehitaji kitabu cha kumfasiria. Maana ilikuwa katika ndoa yenyewe na katika mlango uliofungwa. Mume arudipo na fungu la asumini mkononi, mkewe ameshafahamu. Na yule anayempelekea binti wa watu waridi kwa siri, liwe la rangi yoyote, maana yake babake binti anaijua vilevile.

Jambo moja lanishangaza. Mengi ya mawaridi yanayouzwa Ulaya mwezi huo wa Februari hulimwa Naivasha, Kenya, yakasafirishwa kwa ndege. Wakulima wamechagua mbegu za ua linalokaa siku nyingi bila kunyauka, na katika kuchagua huko mengi yamepoteza harufu. Mpe mwanamke wa makamo wa Lamu au Mombasa waridi la namna hiyo. Atalipeleka puani kwanza, kisha atakuuliza hili ni ua gani.