Kutoka jina la matairi mpaka Abu Dhabi: TP Mazembe ilipataje watu wake?

Wiki hii zamu ni ya sisi wa kikundi cha michezo. Tumeamua kuandika historia, lakini ni historia ambayo tuna shida nayo leo.

Shida ni hii. Jumamosi iliyopita timu yetu ilishinda 2 kwa 0. Tulihesabu watu waliokuwa pembeni ya uwanja: 31, na kati yao 9 ni watoto waliotumwa maji wakasimama kidogo na madumu yao. Saa ile ile kibanda cha video cha karibu na soko kilikuwa kimejaa mpaka watu wanachungulia dirishani, Arsenal inacheza, na wamelipa pesa. Kwetu ni bure! Mama mmoja anayeuza karanga pale uwanjani akatuambia, "Wanangu, mpira mnao, watu hamna." Akafunga beseni lake akaenda kule kwenye kibanda.

Tungecheka tu, lakini kuna jambo zito nyuma yake. Mwaka jana mechi yetu na timu ya ndugu zetu Warundi iliisha kwa mawe. Kijana mmoja alipasuliwa paji la uso, mmoja wa wachezaji wetu akalala kituoni usiku mzima. Tukaambiwa wazi: ikitokea tena, uwanja unafungwa. Tangu siku ile wazazi wanawazuia watoto, na watu wanasema ile ni timu ya Wakongomani, sisi inatuhusu nini. Kwa hiyo tukiuliza mashabiki wanapatikanaje, tunauliza pia kama mwakani tutakuwa na mahali pa kucheza.

Tukaanza kuuliza wazee. Mzee mmoja aliyefanya kazi Lubumbashi zamani akatuambia, acheni Arsenal, angalieni Mazembe. Wengi wetu asili yetu ni Fizi na Uvira, Lubumbashi hatujawahi kuiona, lakini Mazembe ni ya kwetu. Sasa hilo lenyewe si ajabu? Timu ya mji ambao hujaukanyaga, inakuwaje yako?

Ilianza mwaka 1939, mji ukiitwa bado Élisabethville. Walioianzisha ni wamisionari Wabenediktini, ili wanafunzi wao ambao hawakuwa wanaelekea upadri wapate la kufanya. Iliitwa Saint-Georges. Yaani ilikuwa timu ya shule ya mapadri, na ingeweza kubaki hivyo hivyo. Mwaka huo huo mji ule ule ukapata timu nyingine, Saint-Éloi Lupopo, ya wafanyakazi wa reli. Shikeni hilo la reli. Lupopo haikuhitaji kutafuta watu mbali: mwenye baba anayefanya kazi kwenye treni alizaliwa tayari ni wa Lupopo, na mpaka leo wanaitwa watu wa reli hata wale ambao treni wanaisikia tu. Timu ikikaa ndani ya kazi ya watu, watu hawaulizi kwa nini waishangilie.

Saint-Georges ikabadilika kuwa Saint-Paul, halafu wamisionari wakaiacha, na timu ikachukua jina la mdhamini: Englebert. Englebert ni nini? Ni matairi. Kampuni ya Kibelgiji ya matairi! Hapo tulipofika kwenye maongezi tulicheka sana, na tutawaambia sababu baadaye.

Miaka michache baada ya uhuru wa 1960, Katanga ikiwa imetoka kwenye vita vya kujitenga, timu hii ya matairi ikawa haishikiki. Ilichukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, ndipo likaongezwa lile neno la Kifaransa mbele: Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Tout Puissant Englebert. Mwaka 1967 wakawa mabingwa wa Afrika, 1968 wakarudia, na hakuna timu iliyokuwa imewahi kutetea kombe lile kabla yao. 1969 na 1970 walifika fainali tena, wakafungwa. Tuseme ukweli wote, maana historia si ya kusifia tu: kombe la 1967 halikupatikana kwa goli. Walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ikapangwa mechi ya tatu Yaoundé, Kotoko hawakutokea. Mwaka 1970 Kotoko ndio waliowafunga fainali, kwa hiyo wazee wa Kumasi nao wana yao ya kusimulia.

Baadaye jina la matairi likaondoka, likaja Mazembe. Lakini angalieni kilichobaki: TP. Jina la mdhamini limekwenda, jina la sifa halikuguswa. Kuna fundisho la biashara hapo ambalo hata mwenye duka sokoni analijua: kibao cha kampuni ya simu kwenye duka lako kinaweza kubadilishwa kesho, lakini ukishaitwa "kwa Mama Bei Nafuu", hilo halibandukani.

Halafu ikaja ile sehemu ambayo watu huiruka. Kutoka 1968 mpaka 2009 ni miaka 41, na katika miaka hiyo yote Mazembe hawakuchukua tena kombe kubwa la mabingwa wa Afrika. Walipata Kombe la Washindi 1980, basi. Nchi ikabadilishwa jina mara mbili, viwanda vya migodi vikaporomoka, vita vikaja vile ambavyo sisi tunavijua kuliko mtu yeyote. Anayependa ushindi tu hakai miaka 41. Mzee wetu anasema baba zao waliwasimulia kikosi cha 1967 kama vile watu wanavyosimulia ukoo: fulani alicheza namba hii, alikaa mtaa huu, mkewe alikuwa anatoka kwa akina fulani. Hawakuwa na video, walikuwa na midomo. Sisi timu yetu ina miaka 6 na hakuna hata mtoto mmoja hapa kambini anayejua nani alifunga goli la kwanza. Tumeulizana wenyewe, tukabishana, hatukupata jibu. Aibu kidogo.

Mwaka 1997 timu ikashikwa na Moïse Katumbi, mfanyabiashara, baadaye gavana wa Katanga. Hapa tusidanganyane, pesa ilikuwepo. Pesa ya kununua wachezaji, pesa ya kusafiri, na siasa nayo ilipanda basi lile lile. Kuna waliomshangilia mwenye timu kuliko timu. Kijana wa kambini akisoma historia ya Mazembe anaweza kukata tamaa hapo hapo, aseme, sisi Katumbi wetu yuko wapi? Lakini pesa hununua mchezaji na basi. Ile sauti ya jukwaani ilipatikana kwa njia nyingine.

Kuna kundi la mashabiki wa Mazembe wanaitwa Cent pour cent, yaani asilimia mia. Hawa si watu wa kukaa na kula karanga. Wana sare zao nyeusi na nyeupe, wana ngoma na matarumbeta, na kila mmoja ana kazi yake: huyu anapiga, huyu anaongoza wimbo. Mtu mwenye kazi uwanjani hakosi kuja, hata timu ikiwa mbovu, maana asipokuja pengo lake linaonekana. Mtazamaji wa kawaida akikosa, nani atajua? Sisi tulikuwa tunawaita watu waje "kutuangalia". Sasa tunaona ndiyo maana hawaji. Kuangalia kuna kibanda cha video, na kule picha ni nzuri zaidi.

Desemba 2010 Mazembe walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu wakiwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo tena. Waliifunga Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, halafu tarehe 14 wakaifunga Internacional ya Brazil 2 kwa 0. Mpaka siku hiyo fainali ya kombe lile ilikuwa ya Ulaya na Amerika Kusini peke yao. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika pale. Sisi tulikuwa watoto, wengine tayari tuko kambini, wengine bado nyumbani, lakini tunaikumbuka ile kelele ya redio na watu wazima wanakimbia barabarani. Kipa Robert Kidiaba kila goli likiingia alikaa chini, akaruka ruka kwa matako uwanjani kama mtoto. Kesho yake kila uwanja wa vumbi ulikuwa na kipa anayeruka kwa matako, na kila mama alikuwa anauliza hizi kaptula zinatoboka na nini. Fainali Inter Milan waliwafunga 3 kwa 0. Hakuna anayeitaja. Watu wanataja Kidiaba.

Ile ruka ruka ni tangazo ambalo hakuna kampuni ingeweza kulinunua, kwa sababu mtoto yeyote anaweza kuliiga bila pesa, hata bila mpira.

Sasa tufike Tanzania, maana ndipo tunapoishi na ndipo hadithi inapotugusa zaidi. Mwaka 2011 Mazembe walipambana na Simba ya Dar es Salaam. Baadaye Simba walilalamika kwamba Mazembe wamechezesha mchezaji asiyeruhusiwa, na Mazembe wakatolewa mashindanoni. Kwa kawaida hapo inazaliwa chuki. Lakini mwaka ule ule Mazembe walimchukua kijana wa Simba, Mbwana Samatta, na Thomas Ulimwengu naye akaenda. Mwaka 2015 Mazembe walipochukua tena ubingwa wa Afrika mbele ya USM Alger, Samatta alifunga Algiers, akafunga na Lubumbashi. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.

Mnakumbuka hapa kambini ilikuwaje? Polisi Mtanzania, mwalimu Mtanzania, dereva wa lori la chakula, wote Mazembe! Watu ambao juzi walikuwa hawajui Lubumbashi iko upande gani walikuwa wanatuuliza sisi habari za timu "yetu". Kwa wiki chache Mkongomani alikuwa mtu wa kuulizwa, si mtu wa kuombwa karatasi. Mazembe hawakubandika tangazo lolote Kigoma. Walichukua mtoto wa jirani wakampa jezi, na jirani akaja na nyumba yake nzima.

Kuhusu Simba na Yanga wenyewe tungeandika makala nzima, ila leo tupite. Yanga ni ya 1935, na waliojitoa wakaanzisha yao 1936, ile iliyoitwa Sunderland mpaka 1971 ilipokuwa Simba. Yaani ni ndugu waliogombana. Karibu miaka 90 wanachekana, na huo utani ndio unaojaza uwanja. Mtanzania anamtania jirani yake wiki nzima, halafu wanakunywa chai pamoja. Sisi tulikuwa na mpinzani mmoja tu, Warundi, tukamrushia mawe, sasa hatuna mpinzani wala watu.

Tulisema tutawaambia kwa nini tulicheka habari ya Englebert. Jezi zetu tulipewa na mradi mmoja wa usafi, na kifuani zimeandikwa maneno ya kunawa mikono. Tangu hapo kambi nzima inatuita Timu ya Sabuni. Tumekasirika miaka miwili. Tumejaribu kugeuza jezi ndani nje, tumejaribu kuziba maandishi kwa plasta, jasho likaiondoa. Kumbe mabingwa wa Afrika walivaa jina la tairi! Katika kikao cha Jumapili tulipiga kura: jina ni Sabuni, na atakayekasirika atalipa faini ya karanga kwa yule mama.

Mengine tuliyokubaliana ni machache. Mtoto wa kidato cha pili anaandika kwenye daftari majina ya waliocheza tangu mwanzo, anazunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza waliobaki. Vijana wa Burundi wanaopiga ngoma pale karibu na kanisa, ngoma zile ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, tumewaomba waje uwanjani kupiga, na si kwa ajili yetu peke yetu: wapigie anayefunga, awe nani. Wamesema watafikiria. Mmoja wao ndiye aliyepasuliwa paji la uso mwaka jana, kwa hiyo tunaelewa kwa nini wanafikiria. Tulikwenda watatu kwao na kumwomba radhi mbele ya mama yake. Mama alitukaribisha vizuri, ila hakusema tumesamehewa.

Tumekwenda pia kumwona kipa wao, ambaye kwa kweli ni bora kuliko wetu, na wetu mwenyewe anakiri. Tulimwambia kuna namba 1 inamsubiri. Alinyamaza muda mrefu, tukadhani amekataa. Halafu akauliza jezi ya Sabuni kubwa kabisa ni saizi gani, maana yeye ni mrefu. Mazoezi ni Jumanne saa 10 jioni.