Uchumi wa Kibayolojia Tulikuwa Nao, Uliitwa Pareto

Ukiandika neno pareto kwenye intaneti, unaletewa yule mchumi Mwitaliano wa asilimia 80 na 20. Vijana wengi wa rika langu wakiliona wanadhani ni jina la mtu tu. Lakini jaribu kulitaja mbele ya shosho wa Molo, Kuresoi, Kinangop au Kisii. Kwake pareto ni ua jeupe lenye kitovu cha manjano, linalochumwa kwa mkono asubuhi na kuanikwa juani. Ni karo ya watoto na ni mabati ya nyumba. Ni pia hela alizongoja mpaka akachoka.

Nimelikumbuka ua hili kwa sababu ya mkakati. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kupitia tume yake ya sayansi na teknolojia iliyoko Kigali, EASTECO, ina mkakati wa kanda wa uchumi wa kibayolojia, wa kuanzia 2021/22 hadi 2031/32. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: badala ya kila kitu kutoka kwenye mafuta ya petroli na kemikali za kuagiza nje, tutumie vinavyoota, vinavyofugwa na hata vinavyooza kutengeneza dawa, mbolea, nishati na bidhaa za viwandani, na viwanda vyenyewe visiwe mbali na shamba. Wazo ni zuri na sina ugomvi nalo. Kinachonisumbua ni vile tunaliongelea kama kitu kilichoshuka jana. Huu uchumi tuliwahi kuwa nao, tena tulikuwa namba moja duniani. Halafu ukafa mikononi mwetu.

Wacha nianze mbali kidogo. Asili ya pareto ni Dalmatia, pwani ya nchi tunayoiita Kroatia leo. Ndani ya ua kuna sumu ya wadudu inayoitwa pairethrini. Inamwangusha mbu au nzi kwa haraka sana, halafu yenyewe inavunjikavunjika ikipigwa na jua. Wajapani waliichukua wakaifanyia biashara kubwa. Ile dawa ya mbu ya kuwasha, iliyojiviringa kama konokono, ilibuniwa Japani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, na unga wake ulikuwa wa pareto. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyotawala soko.

Kenya ililetewa mbegu mwishoni mwa miaka ya 1920, na walowezi wa upande wa Nakuru wakagundua kitu. Pareto hutaka baridi ndiyo itoe maua. Kwa nchi zenye majira ya baridi kali, hiyo ina maana ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Nyanda zetu za juu, kuanzia kama mita 1,800 kwenda juu, zina baridi ya usiku karibu mwaka mzima, kwa hivyo mmea ule ule unachumwa kila baada ya wiki mbili tatu, kwa miezi tisa au kumi. Na ua la hapa lilikuwa na nguvu. Kumbuka hiyo hesabu ya wiki mbili, tutairudia.

Vita vilipoingia, pareto ya Japani ikakatika kwa upande wa Washirika, na Kenya ikawa ndiyo tegemeo. Wamarekani walikuwa wamebuni mkebe wa kwanza wa kunyunyiza dawa ya wadudu, babu wa mikebe yote ya supamaketi leo, na wanajeshi wao walikuwa wanaubeba Pasifiki kupigana na malaria. Ndani yake kulikuwa na pairethrini. Kwa hivyo ua la Molo lilikuwa silaha. Ubaya ni kwamba kuanzia 1942 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kuandikwa kazi kwa lazima kwenye mashamba ya mazao yaliyohesabiwa kuwa ya vita, na pareto ilikuwa mojawapo. Wenye mashamba walikuwa walowezi, wachumaji walikuwa sisi. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda kwa faida yake mwenyewe. Mlango ulianza kufunguka kwa kweli miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, na hata huo haukuletwa na huruma. Ulikuja katikati ya vita vya Mau Mau, serikali ikitaka tabaka la wakulima wenye kitu cha kupoteza.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka. Familia zilizopewa mashamba kwenye skimu za Kinangop na Ol Kalou zilikuwa na mikopo ya ardhi ya kulipa, na kule juu mahindi yanachukua muda mrefu mno kukomaa. Pareto na maziwa vikawa ndiyo njia. Haikutaka shamba kubwa wala mashine. Ilitaka mikono, na mikono hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya akina mama na watoto, ingawa akaunti ya sosaiti mara nyingi ilikuwa na jina la mzee. Hiyo nayo ni hadithi yake.

Ikafika mahali Kenya inatoa zaidi ya nusu ya pareto yote duniani, na miaka mingine karibu asilimia 70 au zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yakikaribia tani 18,000 za maua makavu kwa mwaka. Kumbuka kilo nne au tano za maua mabichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, na kila ua limechumwa na kidole cha mtu. Kiwanda kilikuwa Nakuru mjini, si Ulaya. Maua yaliingia pale kwa magunia yakatoka yakiwa mafuta mazito yaliyosafishwa, tayari kwa kuuzwa nje. Mmea hai, wakulima wadogo, kiwanda karibu na shamba, bidhaa ya thamani kubwa: chukua orodha yoyote ya malengo ya uchumi wa kibayolojia uweke alama ya vema kila mstari. Labda mstari mmoja tu ungebaki wazi. Ule mkebe wenyewe, wenye jina na bei ya dukani, ulitengenezwa kwingine.

Sasa ilikufaje?

Jibu utakalosikia mara nyingi ni kwamba kemikali za bei nafuu ziliiua. Kuna ukweli hapo. Tayari baada ya vita DDT iliitikisa pareto vibaya. Halafu mwaka 1973 mwanasayansi Mwingereza Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, wakatengeneza permethrini, kemikali iliyoiga umbo la pairethrini lakini haiharibiwi na jua haraka. Neti uliyolalia jana usiku, kama ni ile yenye dawa, kuna uwezekano mkubwa imetiwa permethrini au ndugu yake deltamethrini. Yaani juu ya kitanda chako kuna kopi ya ua la Kinangop, iliyonunuliwa kutoka nje. Mimi hilo lilinikalia kichwani siku nzima.

Lakini angalia miaka. Kopi ilikuja 1973, na kilele chetu kilikuwa takriban miaka 20 baadaye. Kitabu cha Rachel Carson cha 1962 kilikuwa kimeanza kuwafungua watu macho kuhusu DDT, Marekani ikaipiga marufuku 1972, na wateja wanaotaka dawa isiyobaki kwenye chakula na mazingira wakaendelea kuwepo. Soko halikufa. Tena wakati sisi tunaporomoka, kisiwa cha Tasmania huko Australia kilikuwa kinapanda. Kufikia miaka ya 2000 wao ndio walikuwa wazalishaji wakubwa duniani. Mtu hajengi mashamba na viwanda kwa ajili ya bidhaa iliyokufa.

Kilichoiua ya kwetu ni malipo.

Kwa sheria, Bodi ya Pareto ya Kenya ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee. Ndiyo iliyotoa leseni, ikapima, ikasindika, ikauza nje na ikalipa. Na bei ya maua haikutegemea kilo peke yake. Ilitegemea kiasi cha pairethrini kilichopatikana kwenye sampuli, kitu cha asilimia moja na nusu hivi ya ua kavu. Kwa hivyo mkulima alijua uzito wa gunia lake, ila nusu nyingine ya hesabu ilifanyika maabara, mbali na macho yake. Mfumo kama huo unasimama juu ya kuaminiana tu. Ukiongeza na soko lenyewe lililokuwa kama bembea, mwaka huu maua yanakosekana, mwaka ujao stoo zimefurika, unaona mahali pa hatari. Stoo zikijaa na pesa zimekwama ndani, nani anangojeshwa? Si mfanyakazi wa mwisho wa mwezi. Ni mama wa Kuresoi.

Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990 malipo yakaanza kuchelewa. Miezi ikageuka mwaka, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Sasa rudisha ile hesabu yetu. Ukichuma kila wiki mbili kwa miezi tisa au kumi, hizo ni safari karibu ishirini za sosaiti. Mkulima aliyelipwa baada ya mwaka alikuwa ameikopesha taasisi ya serikali mara ishirini mfululizo, bila riba, bila hata kuulizwa. Benki gani ingekubali? Watu wakafanya uamuzi wenye akili kabisa: waking'oa pareto wakapanda viazi, kabeji na mahindi, vitu ambavyo mteja asipolipa, angalau watoto wanakula. Tani zile 18,000 zikashuka mpaka chini ya 500 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wanunuzi wa nje nao wakaenda Tasmania, ambako kampuni iliingia mikataba na wakulima wake na mashine zinavuna shamba zima kwa mara moja.

Sheria za 2013 zilivunja ule ukiritimba na makampuni binafsi yakaruhusiwa kuingia. Wakati huo huo ugatuzi ulikuwa unaanza, na kilimo kikashuka kwenda kaunti. Tangu hapo tumeona magavana wa kaunti za pareto, Nakuru ikiwa mbele, wakigawa miche. Picha zinatoka poa. Lakini hebu mpange mkulima wa leo anavyosimama: miche anapewa na kaunti, leseni na usimamizi viko na serikali kuu, mnunuzi ni kampuni binafsi, na juu ya wote kuna mkakati wa kanda. Ni paa nne. Mvua ikinyesha ndani, kila mmoja atakuonyesha paa la mwenzake.

Nisieleweke vibaya, kanda ina kazi yake. Kenya, Tanzania na Rwanda zote zinalima pareto. Tanzania wana kiwanda Mafinga, Rwanda wana chao Musanze, na sisi tuna cha Nakuru. Nchi tatu jirani zinakimbiza mnunuzi yule yule wa ng'ambo, kila moja na mafuta yake, huku dawa ya mbu iliyotengenezwa nchi moja ikitakiwa isajiliwe upya ili iuzwe kwa jirani. Hilo gavana hawezi kulitatua, Jumuiya inaweza. Kama soko la kwanza la dawa ya pareto lingekuwa ni sisi wenyewe, hapa kwenye mbu wengi kuliko Australia, ile bembea ya bei ya nje isingetutupa hivyo.

Na lile neno lingine la mkakati, uendelevu, nalo lina historia yake Rwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya msitu wa Hifadhi ya Volkano, makao ya sokwe wa milimani, ilikatwa ili familia zigawiwe mashamba ya pareto. Dawa safi kwa mazingira, iliyopandwa mahali palipokuwa na msitu. Mmea kuwa wa asili hakufanyi sera yake iwe safi.

Kwa hivyo nikisoma mikakati hii, siku hizi naruka kurasa za maono na kutafuta vitu vidogo. Mkulima analipwa baada ya siku ngapi? Nani anapima ile asilimia, na mkulima anaweza kupeleka sampuli yake kwingine akilinganisha? Stoo zikijaa, hasara inamwangukia nani kwanza, na hiyo imeandikwa wapi? Kwenye hotuba za uzinduzi nasikia idadi ya miche. Siku za malipo sizisikii.

Shosho wa Kuresoi akiletewa trei ya miche leo, hataanza kwa kuuliza kama ni mbegu bora. Hiyo ataiona mwenyewe ikifika wiki ya kwanza ya kuchuma.