Maji magumu, samadi na magunzi ya mahindi (Sehemu ya 4)

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi mitano, mapaja mekundu kama kamwagiwa chai. Kisima chao kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Sabuni haitoi povu, nepi zikikauka zinakuwa ngumu kama boksi. Jirani akamwambia apitishe maji kwenye majivu ya magunzi, yatalainika. Na kweli yalilainika. Shida ni kwamba maji ya majivu ni makali, ndiyo bibi zetu walipikia sabuni. Yeye akamwogeshea mtoto humo humo.

Akaniuliza, "Nesi, si wanasema mabaki ya shambani yanalainisha maji?"

Wanasema, na hawajakosea. Ila habari yenyewe ni ndefu, na ilianzia kwenye samadi.

Miaka ya 1840 huko Yorkshire, Uingereza, mwenye mashamba Harry Stephen Thompson alikuwa na wasiwasi kwamba mvua inaosha nguvu yote ya samadi. Yeye na mfamasia wa mjini York, Joseph Spence, wakajaribu: wakaweka udongo kwenye chombo, wakamimina dawa yenye amonia, wakapitisha maji. Kilichotoka chini zaidi kilikuwa jasi, yaani kalsiamu ya udongo. Udongo ulishika amonia ukaachia kalsiamu, kama watu wanaobadilishana viti. Mkemia John Thomas Way akaichunguza habari hiyo na kuichapisha mwaka 1850.

Wakati huo nani alifikiria nepi! Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mjerumani Robert Gans ndiye aliyeugeuza mchezo: akatengeneza chembe zinazoshika kalsiamu na magnesiamu, vile vinavyoua povu, na kuachia sodiamu. Chembe zikichoka, unazimwagia maji ya chumvi, zinaanza upya. Mwaka 1935 Waingereza Adams na Holmes wakafanya hivyo kwa utomvu wa kiwandani, na baadhi waliutengeneza kwa tanini, ile ya magome ya miti kama mikoko yetu.

Kwa hiyo mmea kulainisha maji si ndoto. Mwaka 2010 watafiti wa Brazil walichapisha kazi ya kuondoa kalsiamu na magnesiamu kwa makapi ya miwa. Lakini jamani, someni vizuri: makapi yale yalipitishwa kwanza kwenye kemikali za maabara, kisha yakaoshwa. Gunzi bichi hushika kidogo sana. Gunzi lililochomwa ni kitu kingine kabisa, hilo ni magadi ya majivu.

Na wanaouziwa mashine ili kutibu pumu ya ngozi ya mtoto, wekeni pesa kwanza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2011, watoto 336, wiki 12, haukuona mashine ikiongeza nafuu juu ya matibabu ya kawaida.

Yule mama nilimwambia achemshe maji ya kuogeshea, ayaache yatulie na kupoa, ule unga mweupe ubaki chini. Hayatalainika yote ila yanasaidia. Sabuni kidogo, suuza sana, nepi zisuuzwe kwa maji ya mvua yakipatikana. Na maji yaliyolainishwa kwa chumvi asichanganyie maziwa ya kopo, sodiamu yake ni nyingi kwa mtoto mchanga.

Wiki iliyofuata mapaja yalikuwa yanabambuka, ngozi mpya chini. Majivu kayarudisha kwenye kusugulia masufuria.