Ruvuma, Mombasa, Pemba: majina ya kwetu kwenye mawe ya angani

Mwaka jana nilikuwa napitia orodha ya asteroidi kwa ajili ya kazi ya darasani. Nilihitaji mawe kama mia hivi ya kujaribia programu niliyokuwa nimeandika. Orodha yenyewe inachosha: namba na jina, namba na jina, miungu ya Wagiriki, wake za wanajimu wa Kijerumani, miji ya Ulaya. Macho yameshaanza kufumba nikafika 1427: Ruvuma. Nikadhani nimesoma vibaya. 1428: Mombasa. 1429: Pemba. 1430: Somalia. Nikacheka peke yangu maktaba, watu wakanigeukia. Ilikuwa kama kumsikia kondakta anaita vituo, ila huyu kondakta njia haijui, maana ametoka Ruvuma akapitiliza mpaka Mombasa, ndipo akakumbuka kurudi Pemba.

Kazi ya darasani ikasimama siku hiyo. Nikataka kujua nani alipeleka majina haya huko.

Jibu la kwanza ni rahisi. Asteroidi hizo nne, pamoja na mbili zinazofuata, Luanda na Ethiopia, zote zilipatikana mwaka mmoja, mji mmoja, na mtu mmoja. Mwaka ni 1937, mji ni Johannesburg, mtu ni Cyril Jackson. Ruvuma aliipata tarehe 16 Mei, Pemba tarehe 2 Julai, Mombasa tarehe 5 Julai, Ethiopia tarehe 1 Agosti. Jackson alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akapelekwa Afrika Kusini akiwa mtoto, na mwaka 1928 akaanza kazi Union Observatory, kituo cha serikali cha kutazamia nyota kilichokuwa juu ya kilima cha Johannesburg. Mpaka leo anahesabiwa kuwa mgunduzi wa asteroidi 72, mbali na vimondo vyenye mikia alivyovipata njiani.

Angalieni hizo tarehe tena. Mei, Julai, Julai, Agosti. Kenya na Uganda nazo (1278 na 1279) alizipata usiku mmoja, tarehe 15 Juni 1933. Ruanda na Nyanza ni Mei 1935, Tana ni Julai 1935, Katanga ni Juni 1939. Mtu anaweza kudhani jamaa alikuwa na likizo miezi mingine. Kumbe hapa ndipo sayansi ilipo, na kusema kweli ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Asteroidi haina mwanga wake, inaakisi wa Jua. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuikamata ni pale Dunia inapokuwa katikati, Jua liko upande huu, jiwe upande ule. Hapo linakuwa karibu nasi, limemulikwa usoni, na linakuwa juu kabisa usiku wa manane. Sasa, mwezi wa Juni na Julai Jua limehamia kaskazini. Upande wa pili wa Jua ni kusini, kwenye eneo la anga lenye makundi ya nyota ya Nge na Mshale. Aliyekuwa Heidelberg, Ujerumani, ambako ndiko kulikuwa na mabingwa wa kuwinda asteroidi zama hizo, aliliona eneo hilo likichungulia chini chini, nyuzi zisizofika ishirini juu ya upeo wa macho, tena katika usiku mfupi wa kiangazi cha Ulaya. Johannesburg eneo hilohilo linapita utosini. Na kule Juni na Julai ndiyo majira ya baridi: usiku mrefu, mvua hakuna, hewa kavu, na mji wenyewe uko mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari. Yaani kila mwaka kwa miezi mitatu au minne kituo kile kilikuwa na dirisha ambalo Wajerumani hawakuwa nalo. Jackson alilitumia ipasavyo.

Kazi ilifanywa kwa sahani za kioo zilizopakwa dawa ya picha. Walikuwa na kamera kubwa ya anga yenye lenzi ya inchi kumi, waliyopewa na Mwingereza John Franklin-Adams. Unaielekeza angani, unaiacha wazi muda mrefu huku mtambo ukiizungusha polepole kufuata nyota. Nyota zinatoka kama vidoa. Asteroidi, kwa kuwa inatembea kati ya nyota, inatoka kama kistari kifupi. Au unapiga sahani mbili kwa nyakati tofauti, unaziweka kwenye mashine inayokuonyesha moja, kisha nyingine, kisha moja, haraka haraka. Kila kitu kimetulia isipokuwa kidoa kimoja kinachorukaruka. Kwa mashine ya aina hiyo, katika kituo hichohicho, Robert Innes aliipata Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo karibu kuliko zote ukiacha Jua. Haikuwa sehemu ndogo ile.

Kidoa kikishaonekana hakipewi jina papo hapo. Kwanza kinaandikishwa kwa alama. Pemba iliandikishwa 1937 NH, Mombasa 1937 NO. Hebu tuzisome, maana mfumo huu ulioanza 1925 unatumika mpaka leo. Mwaka unajieleza. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni Januari 1 hadi 15, B ni iliyobaki ya Januari, na kuendelea, I inarukwa kwa sababu inafanana na 1. Ukihesabu hivyo N inaangukia Julai 1 hadi 15. Herufi ya pili ni foleni: H ni wa nane, O ni wa kumi na nne (I imerukwa tena). Basi Pemba ilikuwa ya nane kuandikishwa katika nusu hiyo ya Julai, Mombasa ya kumi na nne. Namba ya kudumu, kama 1429, inakuja baadaye, njia ya jiwe kuzunguka Jua ikishajulikana vizuri kiasi kwamba halitapotea tena. Na jina linakuja mwisho kabisa. Kulipendekeza ni haki ya mgunduzi.

Hapo ndipo tunapofika kwa Jackson na majina yake. Ukiyapanga yote mezani huoni mtu aliyesafiri, unaona mtu mwenye ramani. Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda, Ethiopia, Kenya, Uganda, Nyanza, Tana, Ruanda, Katanga. Tanga ipo pia (1595), aliipata 1930 pamoja na mkuu wake wa kazi, Harry Wood. Chaka yupo. Hata swala pala ana jiwe lake, 1320 Impala. Maelezo rasmi ya majina haya ni mafupi mno: kisiwa fulani, mto fulani, bandari fulani. Mimi nayasoma kama mtu anayetembeza kidole kwenye atlasi ya shule ya miaka ya 1930.

Na ramani ya miaka hiyo ilikuwa na wenyewe. Ruvuma ulikuwa mpaka kati ya Tanganyika ya Waingereza na Msumbiji ya Wareno. Ethiopia, jiwe lilipopatikana Agosti 1937, nchi yenyewe ilikuwa mwaka wa pili chini ya majeshi ya Mussolini. Pemba ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, chini ya ulinzi wa Waingereza. Mombasa nayo, kisheria, ilikuwa katika ukanda wa pwani wa Sultani huyohuyo, Waingereza wakiutawala pamoja na koloni la Kenya, na bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus. Kwa hiyo 1428 na 1429 zimekaa jirani kwenye orodha, na wakati ule hata duniani zilikuwa chini ya bendera moja. Sidhani kama Jackson alilifikiria hilo. Mimi limenikaa kichwani.

Kwenye kikundi chetu cha kusoma jambo hili lilizua ubishi. Mmoja alisema ni heshima: mawe mangapi yamepewa majina ya wachumba na mbwa, sisi tumepewa mito na visiwa. Mwingine akasema heshima gani, wakati wenye majina hawakuulizwa, na Afrika Kusini ya 1937 haikuwa nchi ambayo Mwafrika angekabidhiwa ufunguo wa kamera ile. Mwaka mmoja tu kabla, sheria ya 1936 ilikuwa imewatoa Waafrika wa Cape kwenye daftari la pamoja la wapiga kura. Mimi niko karibu zaidi na huyu wa pili, lakini si kwa hasira. Nayafurahia majina yale, na ninajua yalitoka wapi. Yote mawili yanakaa kifuani mwangu bila kugombana.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi anga lisivyosahau. Jina likishakubaliwa halibadilishwi kwa sababu ya mambo ya duniani. Asteroidi 1197, aliyoipata Jackson mwaka 1931, inaitwa Rhodesia. Nchi ililiacha jina hilo, ikawa Zimbabwe mwaka 1980. Jiwe bado linalo. 1638 ni Ruanda, kwa tahajia ya wakoloni, na itabaki hivyo. Kwa upande wa Pemba tumebahatika, maana mji wa Pemba wa Msumbiji enzi hizo Wareno waliuita Porto Amélia, kwa hiyo hakuna wa kutunyang'anya: Pemba ya angani ni ya karafuu.

Ni mawe ya namna gani, basi? Hapa kuna kichekesho. Mombasa ya angani ina kipenyo cha kilomita 54 hivi, ni jeusi kama makaa, aina yenye kaboni nyingi, na linajizungusha mara moja kwa karibu saa 17. Pemba ni dogo, kilomita kama 10, na ni la mawe ya rangi nyepesi zaidi. Duniani mambo ni kinyume: kisiwa cha Mombasa unaweza kukizunguka kwa miguu kwa siku moja, Pemba ina urefu wa kilomita zaidi ya 60. Wapemba mnisamehe, vipimo si vyangu. Ukubwa huo umepatikana kwa joto. Jiwe jeusi linameza mwanga wa Jua na kuutoa kama joto, na setilaiti zinazopima joto hilo, kama IRAS mwaka 1983 na WISE baadaye, zimewezesha watu kukadiria kipenyo bila kulifikia jiwe. Yote mawili yapo kwenye ukanda mkuu kati ya Mirihi na Mshtarii, yakichukua zaidi ya miaka minne kulizunguka Jua mara moja. Hayatusogelei, hayatatugonga.

Siku hizi utaratibu wa majina uko chini ya kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Jina lisizidi herufi 16, litamkike, lisiwe la kukera. La mwanasiasa au la vita linasubiri miaka 100. Mgunduzi bado ndiye wa kwanza kupendekeza. Lakini wagunduzi wa sasa ni mitambo ya Hawaii, Arizona na Chile inayopiga picha anga zima usiku baada ya usiku, si kijana mwenye sahani ya kioo kilimani. Asteroidi inayoitwa Dinkinesh ilipatikana 1999 na mradi wa Marekani, ikakaa bila jina mpaka 2023, ilipoamuliwa kwamba chombo cha Lucy kitapita karibu nayo. Dinkinesh ni jina la Kiamhari la mifupa ya kale ya Hadar, Ethiopia, ile ambayo dunia inaiita Lucy. Chombo kilipita Novemba 1, 2023, kikakuta jiwe lisilofika kilomita moja, na pembeni yake kijiwe kingine kinachoizunguka. Kikaitwa Selam, jina la mifupa ya mtoto iliyopatikana Dikika, si mbali na Hadar. Tofauti na 1937 ni kwamba safari hii aliyechagua alikuwa anajua neno lina maana gani kwa wenye lugha. Kalamu bado iko kwa wengine.

Kilima cha Johannesburg chenyewe kilishindwa na mji. Taa na moshi viliongezeka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo kikafungwa, kazi ikahamishiwa Sutherland, kwenye giza la Karoo.

Sisi tumeamua kuitafuta Mombasa. Macho matupu hayaioni, ila darubini ya sentimita 25 yenye kamera inatosha ikiwa upande wa pili wa Jua. Tulijaribu safari moja, usiku wa kwanza tukapata picha nzuri, usiku wa pili mawingu yakafunga mpaka alfajiri. Picha moja haisaidii kitu. Ni vidoa tu, na kimojawapo ni Mombasa. Msimu wake ukirudi tutajaribu tena, na tukifanikiwa tutaweka picha zote mbili hapa, ya jana na ya leo, mkitafute wenyewe kilichohama.